Kikundi cha familia: Kiondo cha Susu kabla ya Jumamosi

*Aunti wa Umoja, 19:04*
Jamani, sanduku la marehemu Susu, nyanya yetu, limefunguliwa. Mbali na leso na daftari lake, kuna kiondo alichokiacha katikati. Kitako kimeisha, ubavu umepanda kama sentimita 12, nyuzi za kusimama bado zinaning'inia. Swali: kwa kumbukumbu ya Jumamosi tukimalize, ama kikae hivyo kando ya picha?

*Dogo wa Pipeline, 19:06*
Tukimalize! Katani si iko soko la Kariokor, tununue tusuke tu.

*Aunti wa Umoja, 19:10*
Dogo, ya dukani nyingi imesokotwa na mashine, ni ngumu na unene ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Ya Susu ni ya paja. Unaweka mafungu mawili ya nyuzi pajani, kiganja kinayaviringisha kwenda mbele kila moja lijisokote peke yake, halafu unarudisha kiganja nyuma yapandane. Ukiyapandanisha kwa upande ule ule wa kwanza hayashikani. Ukiachilia tu, yanafunguka.

*Mama Mwende, 19:11*
Na jivu kidogo pajani, uzi usiteleze kwa jasho.

*Anko wa Kitengela, 19:15*
Mimi nasema kisiguswe. Kiangalieni kwa dirisha, hakuna hata tundu la mwanga. Ndani ya sentimita 2 kuna mizunguko 9. Nani hapa atavuta hivyo?

*Mama Mwende, 19:17*
Hakuna 😂 Mkono wa Susu ulikuwa koleo.

*Binti wa Rongai, 19:19*
Aunti, watoto watataka kujaribu Jumamosi. Wataanzia wapi? Kitako ndicho kinashinda watu, kinageuka kofia.

*Aunti wa Umoja, 19:26*
Kinageuka kofia kwa sababu nyuzi za kusimama haziongezwi kwa wakati. Unaanza na nyuzi 8, nne juu ya nne kama msalaba, unazifunga katikati. Nyuzi mbili za kuzungusha zinapita kila uzi wa kusimama, moja mbele moja nyuma, kisha zinapishana. Duara likipanuka, nafasi kati ya nyuzi zinapanuka pia. Hapo unachomeka uzi mpya. Ukichelewa, kitako kinajikunja juu. Ukizidisha, kinapiga mawimbi kama sketi ya marinda. Susu alikuwa anakilaza kwa meza kila baada ya mizunguko michache na kukigonga kwa kiganja. Kikikataa kulala, anafumua. Hakuwahi kusema "kitajinyoosha".

Kikifika upana unaotaka, unaacha kuongeza. Ubavu unasimama wenyewe.

*Dogo wa Pipeline, 19:28*
Na uzi ukiisha katikati? Fundo?

*Mama Mwende, 19:30*
Fundo hapana! Linavimba kwa ndani na linalegea. Unachambua ncha zote mbili ziwe nyembamba, unazilaza pamoja sentimita 5 au 6, unaviringisha pajani. Kwa viondo vya Susu tafuteni kiungo, hamtakiona.

*Anko wa Kitengela, 19:34*
Watu hudhani kiondo kilianza na mkonge. Mkonge uliletwa Tanganyika 1893, huku kwetu Kenya ukafuata baadaye. Ukambani walikuwa wanasokota magome ya mbuyu. Muwaambie watoto hivyo pia.

*Binti wa Rongai, 19:36*
Ile kahawia yake tutaipata wapi?

*Aunti wa Umoja, 19:41*
Hamtaipata. Alikuwa anapima rangi ya unga kwa jicho. Njia yenyewe ni rahisi: osha katani kwanza, utomvu ukibaki rangi inashika madoa madoa. Iingie sufuria ya rangi ikiwa bado imelowa maji, chumvi vijiko viwili, ichemke polepole nusu saa, suuza hadi maji yawe meupe, anika kivulini. Jua linaipausha.

Ndiyo maana nasema hivi: tukimalize, lakini tusiigize. Tuendelee na katani nyeupe kuanzia pale alipoachia. Kahawia ni yake, nyeupe ni yetu, na tukilegeza itaonekana ni sisi.

*Anko wa Kitengela, 19:44*
Hapo umenipata. Ngozi ya ukingo na mikanda itashonwa na fundi wa Kariokor. Asitoboe katani kwa sindano nene, inakata nyuzi. Na mkanda mmoja mrefu, mukwa, si vishikio viwili vya kuendea supamaketi.

*Mama Mwende, 19:47*
Daftari limeandikwa hivi ukurasa wa kwanza: "Viondo 3, rangi mbili, ada muhula wa pili." Jina la mteja hakuna. La mtoto wa ada lipo. Kurasa zote ziko hivyo.

*Dogo wa Pipeline, 19:48*
😭 Langu liko?

*Mama Mwende, 19:49*
Ukurasa wa mwisho. Kiondo ni hiki.

*Aunti wa Umoja, 19:55*
Basi Dogo ndiye atazungusha mzunguko wa kwanza. Kuja na kaptura, paja liwe wazi. Jivu ulichekeche kwanza, vijiwe vinachubua.