Acheni kusingizia flashi: tatizo ni UEFI ya biti 32

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Miongozo yote niliyoelekezwa kuhusu kuwasha mfumo endeshi wa Linux kwa flashi kwenye laptopu ya zamani huishia palepale: choma ISO (faili moja lenye mfumo mzima) kwenye flashi, zima Secure Boot (kinga inayozuia mfumo usioidhinishwa kuwaka), bonyeza F12, chagua flashi. Flashi isipotokea kwenye orodha, unaambiwa ni feki, ukanunue nyingine. Fundi mmoja wa mtaani alinitoza fedha ya uchunguzi, kisha akatangaza kwamba mazabodi imekufa, ilhali Windows ilikuwa inawaka mbele ya macho yake!

Mashine yenyewe ina prosesa ya Atom Z3735F, kizazi cha mwaka 2014, na RAM ya GB 2. Prosesa hiyo ni ya biti 64, lakini UEFI (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi) iliyowekwa kiwandani ni ya biti 32, kwa sababu mashine ilitoka na Windows 8.1 ya biti 32, na Windows haiwaki kupitia UEFI isiyolingana nayo kwa biti. UEFI ya namna hiyo hutafuta faili liitwalo bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT. ISO ya biti 64 yenye bootx64.efi peke yake hupitwa kimyakimya, pasipo hata ujumbe wa kosa. Na wale wanaojibu "weka Legacy" (njia ya zamani ya kuwasha, isiyotumia UEFI) wangefungua kwanza menyu ya mashine hii waone kama chaguo hilo lipo.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa ipo miaka mingi. Kerneli (kiini) ya Linux ilianza kuukubali mchanganyiko huu wa mfumo wa biti 64 na UEFI ya biti 32 katika toleo la 3.15, mwaka 2014. Kati ya matoleo ya Linux yanayosambazwa, Debian ikafuata kwa toleo la 8 mwaka 2015, na Fedora kwa toleo la 27 mwaka 2017. ISO ya Debian ndiyo iliyowaka kwangu, tena kwa flashi ileile iliyoitwa feki.

Anayeandika mwongozo na aanze kwa kumwuliza msomaji UEFI yake ni ya biti ngapi. Kujua si kazi: ikiwa Windows ya biti 32 inawaka na msinfo32 (programu ya Windows ya taarifa za mashine) inaonyesha UEFI, basi UEFI hiyo ni ya biti 32; aliye ndani ya Linux asome faili la /sys/firmware/efi/fw_platform_size, atakuta 32 au 64. Wenye miongozo hiyo waihariri, au waiondoe kabisa.