Naomba ushauri: beji ya kielektroniki ya mkutano inajizima kila WiFi ikiwaka

Kinda_la_Themi:

Habari za jioni wakuu.

Mwezi wa tano tuna mkutano wa siku 2 hapa Arusha, wa wanafunzi wa vyuo na mafundi vijana wanaopenda elektroniki. Tunategemea watu 150. Badala ya kuwavalisha karatasi ya jina ndani ya nailoni, niliiomba kamati initume nitengeneze beji yenye saketi: bodi yenyewe ndiyo beji, unaivaa shingoni, ina jina lako, ina taa, na mkikutana wawili beji zinasalimiana. Wazo nililipata kwa kuangalia beji za DEF CON ya kule Las Vegas, ambako Joe Grand alitengeneza ya kwanza ya kielektroniki mwaka 2006. Kamati imekubali. Bajeti ni shilingi 20,000 kwa beji moja, na siku zinakwenda.

Nimechora kwa KiCad, programu ya kuchorea saketi, bodi ya milimita 100 kwa 80; mchoro nimeuambatanisha. Nimeagiza bodi 5 China, 2 nimeshazilehemu kwa mkono. Juu yake kuna moduli ya ESP32-C3 (chipu inayoendesha beji, ina WiFi ndani), regyuleta AMS1117 ya volti 3.3, taa 12 za WS2812B, kioo cha OLED cha inchi 0.96, vitufe 2, USB-C, na nyuma kibebeo cha betri 3 za AAA. Programu nimeandika kwa MicroPython.

Shida yangu ni hii. Nikichomeka kwenye kompyuta, kila kitu safi. Nikichomoa na kuiachia betri, taa zinawaka, jina linatokea, halafu sekunde ile WiFi inapoanza, kioo kinazima na beji inaanza upya. Inarudia hivyo bila kukoma. Nimeunga waya pembeni nikasoma ujumbe wake, inaandika "Brownout detector was triggered". Betri mpya zinavumilia dakika kama 20, zikishatumika kidogo hazimalizi hata dakika moja.

Je, nimekosea chipu, nihamie RP2040? Au nitupe hizi AAA niweke betri za lithiamu kama za simu? Sina hela ya kuagiza mara 3, nikikosea oda inayofuata ndiyo basi. Natanguliza shukrani.

MitaMkononi:

Mkuu, usibadilishe chipu. Chukua mita kwanza. Weka kwenye kipimo cha volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu gusa mguu wa kuingilia wa hiyo AMS1117, kisha mguu wa kutokea. Fanya hivyo beji ikiwa kwenye betri, taa zimewaka na WiFi umeizuia. Tuletee namba 2.

Kinda_la_Themi:

Nimepima sasa hivi, betri ni zile za juzi. Kuingia 4.05. Kutoka 3.04, inachezacheza.

Dada_Lehemu:

Hapo umeshapata jibu, kaka. Ngoja nieleze taratibu maana hili linawaumiza wengi.

Regyuleta ya aina hii haitengenezi umeme, inapunguza tu. Na ili iweze kukupa 3.3 inataka umeme unaoingia uizidi kiasi fulani. Kwa AMS1117 kiasi hicho ni kama volti 1.1 ikiwa na mzigo. Jumlisha: 3.3 na 1.1 ni 4.4. Chini ya 4.4 inaanza kukupa pungufu. Betri 3 za AAA zikiwa mpya zina 4.5 na ushee, kwa hiyo umeanza safari ukiwa umebakiwa na ncha ya sindano. USB inakuletea volti 5, ndiyo maana kwenye kompyuta huoni tatizo.

Sasa chipu yako inataka volti 3.0 hadi 3.6. Wewe uko 3.04 kabla redio haijawaka! WiFi inapotuma inavuta mkondo wa miliampia 300 na zaidi kwa kishindo kifupi, volti inaanguka, chipu inajilinda kwa kujizima, ndiyo maana ya huo ujumbe wa "Brownout". Mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha huo mdondoko, ni wa kasi mno, ila ile 3.04 inatosha kuwa ushahidi.

Tafuta ME6211 ya 3.3. Inatoa hadi miliampia 500 na inaridhika na ziada ndogo sana, sehemu tu ya volti. Angalizo: umbo lake ni dogo na miguu yake ni 5, haiwezi kukaa kwenye pedi za AMS1117. Kwa majaribio ng'oa ile kubwa, hii mpya ibandike kwa waya fupi. Halafu jirani kabisa na mguu wa 3.3 wa moduli weka kapasita ya mikrofaradi 10 na nyingine ya 100. Usiziweke upande wa pili wa bodi eti kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi.

Lithiamu sikushauri. Si kwamba ni mbaya, ila unawavalisha watu 150 kifuani, bodi ina ncha za lehemu nyuma, na kifuko cha betri kikitobolewa ni moto. Isitoshe, kuzisafirisha kwa ndege kuna masharti yake, mzigo unaweza kukwama. AAA mtu anazipata duka lolote la mtaani.

Kinda_la_Themi:

Dada umenifungua macho. Nilichagua AMS1117 kwa sababu iko kwenye kila bodi ninayoiona. Kesho napita kwa mafundi simu.

Otieno_wa_Luthuli:

Salamu kutoka Nairobi. Hongera ndugu, kazi nzuri. Nimeangalia ule mchoro ulioambatanisha, kuna mambo mawili.

La kwanza ni USB-C. Naona umeunganisha CC1 na CC2, ile miguu ambayo chaja inaitumia kutambua kifaa, pamoja ukaweka rezista moja. Hapana. Kila mmoja unataka rezista yake ya kilo-omu 5.1 kwenda hasi. Ukiunganisha, kuna nyaya, hasa zile zenye chipu ndani, zitakataa kukupa umeme. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa na kosa hilihili na ikabidi bodi irekebishwe. Ni rezista ya senti chache, iongeze.

La pili ni antena. Umeiweka juu katikati, na kushoto na kulia kwake ndipo matundu ya mkanda yalipo. Kwenye mkanda kuna klipu ya chuma! Na umejaza shaba ya hasi bodi nzima mpaka chini ya antena. Ukifanya hivyo umeifunga mdomo. Isogeze kwenye ukingo wa pembeni, ikiwezekana ichungulie nje ya bodi, na eneo lake lisiwe na shaba upande wowote, juu wala chini. Kifua cha mtu nacho kinameza mawimbi, kwa hiyo ukipima masafa pima ukiwa umeivaa, usipime ikiwa mezani. Matundu mawili yaache yabaki. Tundu moja linaifanya beji igeuke, watu wanabaki kusoma betri zako.

Babu_Transista:

Vijana, mimi nimetengeneza redio tangu enzi za bodi za kuchorwa kwa mkono na kuchovywa kwenye asidi. Swali langu ni dogo. Betri ikiisha saa 8 mchana, jina la mtu litasomeka wapi?

Kinda_la_Themi:

Shikamoo mzee. Kweli, jina liko kwenye kioo tu.

Babu_Transista:

Marahaba mwanangu. Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kazi ya kwanza ya beji ni mtu akuone kwa mbali kidogo akuite jina. Kioo cha inchi 0.96 hakisomeki hata ukinyoosha mkono. Acha nusu ya bodi wazi, sema kiwanda kiichape rangi nyeupe ileile wanayochapia maandishi, mtu aandike jina lake kwa maka peni, herufi kubwa. Hailazimu betri, haihitaji programu, haizimi. Bodi iwe nyeusi, nyeupe itaonekana vizuri. Taa na kusalimiana vije juu ya hapo.

Na jambo jingine: maandishi ya kwenye bodi yaandike Kiswahili. BETRI, WASHA, ANTENA, TAA 1 mpaka TAA 12. Kijana wa mwaka wa kwanza akiigeuza aisome saketi kama anavyosoma ramani. Mimi nilijifunza majina haya yote kwa kukariri maneno nisiyoyajua maana, na nimesikitika kwa hilo miaka mingi.

Dada_Lehemu:

Namuunga mkono mzee mia kwa mia. Ukiondoa kile kioo unapata nafasi, unaokoa fedha, na programu inakuwa nyepesi.

Tukirudi kwenye taa. WS2812B moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula hadi miliampia 60. Mara 12 ni 720. AAA hazina ubavu huo. Kwenye programu weka kikomo cha mwangaza, usizidishe 25 kati ya 255, na usiwashe zote kwa pamoja. Gizani utashangaa zinavyotosha. Pia ukiziendesha kwa volti 5 za USB, waya wao wa data unadai angalau 3.5 na chipu inatoa 3.3. Mara nyingi zinawaka tu, lakini ukipata kundi gumu zitapepesa ovyo. Diodi moja ya kawaida kwenye chanya yao inashusha volti kidogo na ugomvi unaisha.

Mpwa_wa_Pangani:

Kwenye kusalimiana: usitumie WiFi ya kawaida. Beji 150 zikikimbilia ruta moja ukumbini, hiyo ruta itasalimu amri, na watoa mada nao watakosa intaneti. Tumia ESP-NOW, njia ya chipu kutumiana ujumbe moja kwa moja, hizo chipu zinayo tayari. Beji inapiga ujumbe mfupi usiozidi baiti 250, zilizo karibu zinausikia, ruta haihitajiki. Muhimu zaidi kwa betri zako: redio isikae wazi muda wote. Amsha, tuma, sikiliza kidogo, lala. Redio ikiachwa wazi inakula kama miliampia 80, na AAA ina takriban miliampia-saa 1,000, piga hesabu mwenyewe kama utafika siku ya pili.

Ila kila beji ichague kwa bahati nasibu muda wa kusubiri kabla ya kutuma. Zikiamka zote sekunde moja zitapigiana kelele na hakuna atakayesikika.

Na tafadhali, hewani rusheni namba ya beji tu. Jina, simu na chuo visirushwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, kuna binti atakayeivaa hiyo beji na hataki kila mtu ukumbini ajue yuko kona gani. Weka kitufe cha kunyamaza, na kikibonyezwa redio izime kweli.

Kinda_la_Themi:

Hili la kitufe sikuwa nimeliwaza kabisa. Naliweka.

Mrejesho, siku 3 baadaye: nilipata ME6211 kwenye bodi mbovu ya mtu, nikaing'oa kwa hewa ya moto, nikaibandika kwa waya nyembamba kama nywele. Mikono ilitetemeka. Betri zilezile za juzi, zilizokuwa zimeshuka mpaka 3.98, kutoka napata 3.29. WiFi imewaka. Nikaizima nikaiwasha mara 30, haijaanza upya hata mara moja. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na ile beji ya pili, nayo nimeibadilisha, taa zake zikageuka kijani zilipoisikia yangu. Alipiga kelele nyumba nzima ikatoka.

Swali la mwisho: kitufe kimoja nikikibonyeza wakati nawasha, beji haiwaki kabisa. Na hizi 150 nitaziingizia programu vipi?

MitaMkononi:

Kitufe hicho bila shaka kiko kwenye mguu wa chipu uitwao GPIO9. Kwenye C3 mguu huo ukiwa hasi wakati wa kuwaka, chipu inaingia hali ya kupokea programu, inakusubiri. Haijafa. Kiandike INGIZA, kiache hapo kwa kazi hiyo, na kile cha kunyamaza kihamishie mguu mwingine. GPIO2 na GPIO8 nazo uziogope, zinaangaliwa wakati wa kuwaka.

Kuhusu 150: C3 ina USB ndani yake, huhitaji chipu ya kuunganisha. Unganisha MicroPython na mafaili yako liwe faili moja, mwandikie mtu wa zamu mstari mmoja wa esptool (programu ya kompyuta ya kuingizia faili kwenye chipu), chukua kompyuta 3 na nyaya 3 nzuri. Chomeka, subiri taa ya kwanza iwe ya bluu, chomoa, weka kwenye boksi la zilizopita. Isiyowaka bluu weka boksi jingine, usijaribu kuitengeneza usiku huo. Agiza 165, maana 10 na ushee zitakuwa na kasoro au zitapotea.

Na mzigo ufike wiki 4 kabla. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, viwanda vinafungwa. Kwenye bajeti ingiza VAT ya asilimia 18 na gharama za wakala, na kwa kuwa kifaa kina redio, waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema kabla ya kuagiza.

Kinda_la_Themi:

Barua ya TCRA nimeipeleka jana. Mchoro nimeurudia wote: ME6211, rezista 2, antena ukingoni, kioo nimetoa, nusu ya bodi ni nyeupe. Leo asubuhi nimeagiza 10 za kujaribu kabla ya zile 165. Mzee, juu ya ile nyeupe nimeandika NAITWA, na chini kabisa kwa herufi ndogo kuna mstari wa volti: BETRI 4.5, REGYULETA 3.3, TAA 3.8, kila moja ina pedi yake ya kugusisha mita.

Babu_Transista:

Vizuri sana. Zikifika, ya kwanza ivae kutwa nzima ukiwa kazini, uniambie jioni betri zimebaki na ngapi.