Mawaridi ya kuhimili joto la Dar: nipande aina gani?

Uani_Mbagala
Habari za humu wakuu. Nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba huku Mbagala, udongo wa kichanga, jua linapiga tangu asubuhi mpaka linazama. Nataka miwaridi, si mingi, mashina matano sita ya kunogesha uwanja, na mama akija apate ya kuchuma. Mama ni mtu wa Unguja, kwake nyumba isiyo na waridi na asumini bado haijaisha kujengwa.

Miche ninayoipata kwa wauzaji wa barabarani ni ile mirefu yenye ua moja kubwa jekundu, wanasema imetoka Arusha. Ikifika inapendeza. Baada ya muda majani yanaota madoa meusi, yanageuka njano, yanapukutika, inabaki fimbo yenye miiba. Ua likitoka ni dogo na kingo zimeungua kabla halijafunguka. Samadi naweka, maji namwagilia kila jioni, mti mzima.

Je, kuna aina inayostahimili pwani au waridi ni la watu wa baridi tu? Natanguliza shukrani.

Kijiwe_cha_Kahawa
Panda bogenvilia mkuu, ulale usingizi.

Mlima_Meru
Nimefanya kazi mashamba ya maua, ngoja nikwambie hiyo miche ni nini. Ni aina za kukatwa na kuuzwa, zilizochaguliwa ziwe na shina refu na zikae siku nyingi kwenye chombo. Zinalimwa ndani ya mabanda ya nailoni, nyanda za juu. Naivasha, kwa mfano, iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua, usiku baridi. Mmea unatengeneza chakula mchana, na usiku wa baridi haukitumii sana, kwa hiyo ua linapata muda wa kunenepa. Kwenu Dar usiku wa Februari joto haliteremki, chakula chote kinaishia kwenye kuhema. Ndiyo maana ua linakuja dogo, na petali zinapungua.

Jambo jingine, nyingi zimebebeshwa, yaani zimeungwa, juu ya shina la Natal Briar, mwaridi mwingine unaotumika kwa mizizi yake tu. Ukiona machipukizi yenye nguvu yanatoka chini ya kovu la kubebeshea, usifurahi, hilo si waridi lako. Yang'oe.

Ukitaka ya kisasa inayovumilia joto, tafuta Iceberg, nyeupe, ya wakuzaji mawaridi Kordes wa Ujerumani, 1958. Perth kule Australia imejaa mitaani.

Chumbageni
Mlima_Meru umesema vizuri ila hapo kwenye Iceberg tutabishana. Joto la Perth ni kavu, kiangazi hakuna mvua. La kwetu lina unyevu, na unyevu ndio unaoleta madoa meusi. Ule ni ukungu, mbegu zake zinahitaji jani lililolowa kama saa saba hivi ndipo ziingie. Sasa mleta mada unamwagia majani jioni, yanalala na maji mpaka asubuhi! Mwagilia alfajiri, chini kwenye shina, majani yasiguswe.

Tuje kwenye aina. Hapa Tanga nimekuza mingi, na nasaba ninayoiamini ni moja, yenye damu ya China. Mawaridi ya zamani ya Ulaya yalizoea kulala wakati wa baridi na mengi yalichanua mara moja kwa mwaka. Ya China hayalali, yanatoa maua mwaka mzima. Kuna Old Blush la pinki, lililofika Ulaya karne ya 18 na kuzaa nusu ya mawaridi unayoyaona leo. Kuna Cramoisi Supérieur la 1832 na Louis Philippe la 1834, yote mekundu. Mutabilis lina petali tano tu, linafunguka la manjano, kesho la pinki, keshokutwa jekundu lililoiva, na yote matatu unayaona kwenye mti mmoja. Ndugu zao ni kundi la mawaridi ya chai, kama Duchesse de Brabant na Mrs. B. R. Cant. Hayo hukua makubwa, usiyabane kwenye ndoo.

Na asikwambie mtu haya ni mambo ya Wazungu. Kundi zima liitwalo Bourbon limezaliwa Réunion, bahari hii hii yetu, kisiwa hicho kikiitwa Bourbon enzi hizo. Watu walizungushia mashamba ugo wa miwaridi ya China na ya Damaski, ikachanganyika yenyewe, mbegu zikapelekwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19. Moja la ukoo huo, Rose Edouard, linalimwa mpaka leo Tamil Nadu, kusini mwa India, kwa ajili ya mataji ya maua. Jua la kule si la kuulizia.

Najua utaniambia vitalu vyetu havina lebo. Basi sahau majina, angalia mti. Nenda kununua Februari, kaskazi inapovuma, usiende Julai. Kipupwe kila mwaridi ni mrembo, hata ule utakaokufa Krismasi. Unaoonyesha majani na maua Februari, nje, bila kivuli cha muuzaji, huo ndio wako. Mara nyingi utakuta vijiti vyembamba, majani madogo yanayong'aa, maua ya wastani yanayokuja kwa vishada.

Bora zaidi, usinunue. Mji wowote mkongwe wa pwani una nyumba yenye mwaridi wa bibi usiojulikana umri wake. Piga hodi, omba kijiti. Chukua kilichotoka kuchanua, unene wa penseli, macho manne, ukate chini kidogo ya jicho. Majani ya juu mawili yabaki. Chomeka kwenye mchanga na mboji, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Usikifukue kukagua mizizi, watu wanaua vijiti kwa udadisi. Mti huo utakuwa na mizizi yake wenyewe, kwa hiyo chochote kitakachochipua chini ni waridi lile lile.

Houston_Mswahili
Naongezea nikiwa Texas, joto na unyevu vinafanana na vya Dar kasoro huku tuna baridi kidogo ya kupumzisha miti. Chuo Kikuu cha Texas A&M kina mpango wa Earth-Kind, wanaotesha mawaridi bila dawa na karibu bila kuyahudumia, yanayobaki wanayapa cheti. Mutabilis limo. Limo pia Belinda's Dream, pinki na kubwa, kwa anayetaka ua la kujaza mkono, na Knock Out la 2000, ila hilo halinukii. Mama wa Unguja hatakuelewa.

Darajani
Hatoelewa kabisa! Waridi lisilonukia utalitia kwenye kikuba la nini?

Wenye udongo wa mawe ya matumbawe kama sisi, jani likiwa njano na mishipa yake imebaki kijani, hayo si maradhi. Chokaa imezidi, mti haupati chuma. Tia mboji nyingi au panda kwenye chungu.

Seeb_Oman
Jamaa wa Unguja huwa wananiomba miche ya Jabal Akhdar, ile ya kupikia marashi. Naomba msihangaike. Kule ni mlimani, karibu mita 2,000, maua ni msimu mmoja tu, kama Aprili hivi, na mti unataka baridi kabla ya kuchanua. Hata hapa chini pwani ya Oman haufanyi vizuri, seuze Mbagala.

Uani_Mbagala
Ahsanteni sana, sikutegemea darasa lote hili. Chumbageni, uwanja wangu hauna kivuli hata kidogo, na upande mmoja nililima nyanya na bamia. Nipande huko au nitafute pengine?

Chumbageni
Pa nyanya na bamia paache. Mchanga uliolimwa hivyo huwa na minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyotia mizizi vinundu, na mwaridi wa mizizi yake wenyewe unaumwa nayo vibaya. Huko Florida kwenye mchanga kama wetu wanabebesha juu ya Fortuniana, mwaridi ambao mizizi yake inaistahimili minyoo hiyo, sisi hatuna. Panda upande wa mashariki wa nyumba, ule jua la asubuhi, saa nane ukuta ukukingie. Usiusogeze karibu na ukuta wenyewe, saruji inatema joto usiku kucha. Shimo pana, samadi iliyooza kweli, matandazo ya majani juu, yasiguse shina. Kupogoa subiri masika yaishe, Juni, na upogoe kidogo tu, aina za China hazipendi panga.

Kijiwe_cha_Kahawa
Na bogenvilia je, nayo haipendi panga?