Kaka yangu hataki tena bahari, na vidonge mama kavificha. Tufanyeje?

Bint Micheweni
Assalamu alaykum. Nina kaka yangu mvuvi, miaka 31. Zamani watu wakienda dago, kambi ya wavuvi, yeye ndiye wa mwanzo kufunga mzigo. Tangu mfungo mosi hajagusa wavu. Usiku yu macho, mchana kajifunika shuka. Chakula anaonja tu, barazani hakai, ukimsemesha anajibu "nipo". Hakufiwa, hakuachwa, deni hana, ndiyo watu wanasema kachezewa. Mama kamsomesha, kombe kanywa, wapi. Nikampeleka hospitali, daktari akasema ni sonona, akampa fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Siku ya nane kichefuchefu kimemshika, kichwa kinamuuma, na hali ni ileile. Mama kavificha vidonge, anasema vitamfanya teja. Naombeni ushauri, msinicheke.

Pweza wa Kale
Mwanamume mzima analala mchana? Mtieni chomboni kwa nguvu. Enzi zetu hiyo sonona haikuwepo.

Muuguzi Mstaafu
Ilikuwepo mzee wangu, tukiiita uvivu au pepo.

Bint, wa alaykum salaam. Mmeacha siku mbaya kuliko zote. Dawa hii maudhi yake hutangulia, wiki ya kwanza, na mengi hupungua yenyewe, hasa akila kitu kabla ya kumeza. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, wengine hufika sita. Wengi huacha hapo katikati, halafu husema dawa haifai. Uteja haupo, maana hailewi wala mtu hatamani kuongeza. Ila haikatwi ghafla. Hata akipata nafuu huendelea nayo miezi 6 au zaidi, kisha daktari ndiye anayempunguzia.

Mrejeshe kwa daktari kabla ya kuanza tena. Umwambie pia kama aliwahi kuwa na siku za kusema bila kituo, halali na wala hachoki, pesa anazimwaga. Mwenye historia hiyo hapewi dawa hii peke yake, huweza kumrejesha kwenye hali hiyo.

Jambo jengine: muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo asiachwe peke yake, hospitali siku hiyo hiyo. Na mama avihifadhi hivyo vidonge, kafanya vyema, ila ampe kimoja kimoja.

Bint Micheweni
Nimemuuliza jana usiku, mikono ikinitetemeka. Kasema kuna siku anatamani asiamke, lakini kujidhuru hapana. Alfajiri tunapanda gari. Kusomewa ndiyo tuache?

Mla Urojo
Nani kakwambia uache? Mtajie daktari hayo ya kutamani asiamke, usione haya.

Mimi niliugua nikiwa Unguja. Nikiogopa kuonekana Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, maana jina lile hapa mjini ni tusi. Wiki tatu nashuka kituo cha mbele, nageuza narudi nyumbani. Siku nilipoingia nikamkuta jirani yangu kwenye foleni, tukasalimiana kama tumekutana Darajani. Asubuhi nilimeza dawa, jioni mama akinisomea. Ramadhani daktari akanipangia nimeze wakati wa daku.

Dawa ilinitoa kitandani, mengine yakaja kwa mazungumzo. Mshauri alinitaka nichague kitu kidogo kila siku nikifanye hata kama sina hamu nacho. Cha kwanza kilikuwa kufua kanzu moja. Moja tu! Kwa hiyo Pweza hakukosea yote, kosa ni hiyo nguvu. Kaka asiambiwe habari za dago sasa, ashone matundu mawili ya wavu, basi.

Ustadh wa Skuli
Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye hali hii, wakawasikiliza na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Kwa Kishona huiita *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Na sisi wenye baraza kila mlango!

Pweza wa Kale
Haya, nimesikia. Mimi nipo Konde, wavu nakuja kuushona naye. Sitomsemesha.

Bint Micheweni
Daktari kamrejeshea. Leo siku ya tatu, anakula mkate wa kumimina kwanza, halafu mama ndiye anayempa kidonge. Mzee Pweza, njoo Jumamosi.