Keki ya tufaha inagoma kuiva katikati, Jumamosi nina mgeni. Msaada tafadhali

MwokajiMpya
Wakuu salaam. Nimekwama. Hii ni keki ya nne wiki hii na zote tabia moja: chini inaungua, juu ina unyevu, katikati inanata kama gundi. Vipimo: unga gramu 250, mayai 3, mafuta nusu kikombe, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, mdalasini, matufaha 3 niliyoyamenya na kuyakwangua. Jumamosi baba mkwe anakuja, sitaki aibu. Nakosea wapi?

Kijiko_Kikubwa
Tufaha ndo epo? Mimi tufaha nalijua kwenye vitabu tu.

Mama_Wanne
Mwanangu, tufaha ni maji, zaidi ya asilimia 80. Ukilikwangua umeshalifungulia bomba. Lifunge kwenye kitambaa safi ulikamue, au likate vipande uvipitishe kwenye kikaango dakika 5 hivi maji yapungue kabla ya kuvitia kwenye unga. Na angalia aina. Granny Smith, yale ya kijani makali, yanashika umbo. Red Delicious ni ya kutafuna mabichi, jikoni yanalegea na ladha inakimbia. Halafu sukari siioni, umesahau kuiandika?

MwokajiMpya
Asante mama. Sukari sitii.

Mama_Wanne
Utamu unatoka wapi?

MwokajiMpya
Kwenye tufaha lenyewe.

Babu_Ganda
Mnamenya ya nini? Nina miaka 61, kila asubuhi tufaha moja na ganda lake. Mke wangu analalamika natafuna kama farasi, lakini choo changu hakinidai. Tufaha la kati lina nyuzinyuzi gramu 4 na ushee, sehemu nzuri ikiwa kwenye ganda, na kwesetini, kemikali ya asili ya mimea, iko hukohuko. Wanaotupa maganda ndio haohao wanaonunua nyuzinyuzi za kopo. Mbegu tu ndizo natema. Zina amigdalini, ukizitafuna zinatoa sianidi, ambayo ni sumu. Moja mbili hazimuui mtu, ila sina sababu ya kuzitafuna.

Mama_Wanne
Babu tumekusikia. Mtoa mada, matufaha 3 hayawezi kukolea kwenye gramu 250 za unga. Kuna kitu hujasema.

MwokajiMpya
Haya. Natumia juisi ya tufaha. Lita 1 naichemsha mpaka ibaki kikombe kimoja, nzito kiasi. Ni tunda tupu, sijaongeza kitu. Baba mkwe ana kisukari, na nimeshamwambia keki haina sukari, atakula mpaka achoke. Tafadhali msinishambulie. Sukari ya tunda si sukari.

Pima_Kwanza
Lita ya juisi ya tufaha ina takriban gramu 100 za sukari. Ukiichemsha yanaondoka maji, sukari inabaki yote sufuriani. Kwa hiyo umetia nusu kikombe cha sukari na ukamwambia mgonjwa haimo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linaiweka sukari ya juisi kapu moja na asali na ile ya mezani. Tunda zima ni habari nyingine: sukari imo ndani ya nyama yenye nyuzinyuzi, inaingia mwilini taratibu. Juisi haina breki.

MwokajiMpya
Lakini nimeshaahidi. Na watu wengi wanaoka hivi. Kipande kimoja hakimdhuru.

Pima_Kwanza
Kipande kimoja anaweza kukipangia mwenyewe, kama anajua kilichomo. Wewe umemwambia ale mpaka achoke. Na huo unga pia ni wanga, usiusahau.

Neno_la_Hekima
Tatizo la kizazi hiki ni kutaka sifa kwa vyakula vya picha. Baba mkwe anapikiwa heshima. Dada yangu, tulia na mumeo, jifunze kwa mama mkwe anayejua nyumba.

MwokajiMpya
Mimi ni mwanaume.

Shaka_Tele
Hii ni chai. Mwezi jana kwenye uzi mwingine huyuhuyu aliandika hajaoa. Leo ana baba mkwe. Akaandika tena oveni yake imeungua. Leo keki nne kwa wiki! Nilikuwa najiuliza oveni gani inaunguza chini na kulowesha juu.

Kijiko_Kikubwa
Chai, halafu haina sukari 😂

Babu_Ganda
Lete picha ya keki.

MwokajiMpya
Sio chai jamani. Ni baba wa mchumba wangu, Jumamosi ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwangu. Oveni kweli iliungua, sijaitengeneza. Naoka kwenye sufuria nzito juu ya gesi, nafunika. Niliona aibu kusema.

Mama_Wanne
Sasa ndiyo umeuliza swali! Mvuke wa tufaha unagonga mfuniko unarudi juu ya keki, wakati moto wote uko chini. Ongeza na hicho kikombe cha juisi nzito, nacho ni maji mengine. Hiyo keki ilikuwa na haki ya kukataa kuiva.

Achana nayo. Sufuria iliyofunikwa inalipenda tufaha zima. Chagua makali, toa moyo lakini usitoboe mpaka chini. Kata mstari kwenye ganda kuzunguka kiuno ili lisipasuke. Jaza karanga zilizopondwa, mdalasini na siagi kidogo. Yapange, tia maji kimo cha kidole, funika, moto mdogo dakika 20 hadi 25. Choma kwa kijiti, kikiingia bila kusukumwa, epua. Anakula lake moja, ganda limo, Babu naye anafurahi.

Pima_Kwanza
Hilo sawa. Tufaha moja la kati lina wanga gramu 25 hivi, mwambie ahesabu. Na umwambie habari ya juisi.

MwokajiMpya
Nimempigia simu mchumba nimemweleza. Kacheka, kasema baba yake keki hata hapendi, alikubali asinivunje moyo. Nitapika mazima. Ila nimebakiwa na chupa mbili za ile juisi nzito, nizifanyeje?

Kijiko_Kikubwa
Mpe Shaka_Tele, chai yake haina sukari.