Tupeane uzoefu: muvi gani inafundisha imani, na inapwaya wapi?

Mwanzisha uzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Uzi huu ni wa wanaoongoza vijana, walimu wa shule ya Jumapili, wa jumuiya, na wazazi wanaoangalia muvi na watoto sebuleni. Tunazungumzia muvi za kawaida, siyo zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mahubiri. Tusiishie kuandika "hii inabariki sana". Taja filamu, tukio, andiko, na utaje pia mahali ambapo filamu na Injili vinaachana njia, maana hapo ndipo mwalimu huumbuka mbele ya darasa.

Naanza na swali ambalo linafaa karibu filamu yoyote: hapa nani analipa? Kila hadithi ina kosa, deni au hatari. Fuatilia bili inaishia mezani kwa nani. Swali hili linakuponya ugonjwa wa kuwinda alama, ule wa kumwona mhusika kanyoosha mikono na papo hapo kutangaza msalaba. The Matrix (1999) imewanasa wengi kwa namna hiyo. Kuna Trinity, kuna mji wa Zion, chombo chao kinaitwa Nebuchadnezzar na kibao chake kimeandikwa Mark III No. 11, nawe unakimbilia Marko 3:11. Lakini wokovu wa filamu ile ni kuamka na kujua kwamba dunia unayoiona ni ya uongo. Dhambi haimo, toba haimo. Huo ni ugnostiki, imani ya kale kwamba mtu huokolewa kwa kujua siri, uliovaa miwani ya jua.

Kanuni ya pili inatoka kwa nabii Nathani, 2 Samweli 12. Alisimulia kisa cha kondoo, akamwacha Daudi akasirike kwanza, ndipo akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Angetaja somo mwanzoni, mfalme angejikinga mapema. Kwa hiyo usisome andiko kabla ya kipande cha filamu. Onyesha, nyamaza sekunde chache, uliza, kisha fungua Biblia.

Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa swali la nani analipa, chukua Les Misérables ya 2012. Jean Valjean ametoka gerezani baada ya miaka 19: mitano kwa mkate alioiba, iliyobaki kwa kujaribu kutoroka. Askofu anampa chakula na kitanda, naye usiku anaondoka na vyombo vya fedha. Askari wanamrudisha. Askofu anasema vile vyombo alimpa, tena anamwongezea vinara viwili vya fedha alivyovisahau. (Huyo askofu ni Colm Wilkinson, aliyekuwa Valjean mwenyewe jukwaani London mwaka 1985. Vijana wanaopenda maigizo wataipenda hiyo.)

Kipande hicho hakizidi dakika kumi, na kinatosha kipindi kizima. Jiandae na mambo matatu.

Kwanza, filamu karibu yote inaimbwa kwa Kiingereza. Asiyeifahamu lugha atabaki na sura za watu tu. Andika muhtasari wa nusu ukurasa, usomwe kabla ya kuonyesha, lakini uishie kwenye wizi. Vinara wavione wenyewe.

Pili, kuna kijana atauliza: je, askofu hakudanganya? Swali hilo halikwepeki na lina uwezo wa kumeza kipindi. Lipe dakika tano, mkamwangalie Rahabu katika Yoshua 2, aliyedanganya ili kuwaficha wapelelezi, kisha rudi. Ukilizima watafikiri unaogopa, ukiliachia utafunga kwa sala bila kugusa neema.

Tatu, na hili ndilo lenye nyama. Katika igizo la jukwaani lililozaa filamu hii, askofu anamwambia Valjean kwamba ameinunua roho yake kwa ajili ya Mungu. Hapo fungua 1 Petro 1:18-19: hamkukombolewa kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, bali kwa damu ya thamani. Fedha ya askofu ilimtoa mtu mikononi mwa askari, nayo ilimgharimu vyombo vya mezani. Waache vijana waseme wenyewe tofauti iko wapi.

Ukiwa na kipindi cha pili, mchukue Javert, mlinzi wa sheria. Watu humfanya shetani wa hadithi, na hapo wanakosea. Javert ni mwadilifu, hapokei hongo, haonei kwa kupenda. Tatizo lake ni kwamba amehurumiwa na Valjean, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimwinda, na hajui aiweke wapi huruma hiyo. Ni yule kaka mkubwa wa Luka 15 aliyekataa kuingia ndani penye karamu. Ila angalizo: Javert anajiua kwa kujirusha mtoni, na filamu inaonyesha. Usikate kipindi hapo, na kama una kijana aliyeko kwenye msongo, mwambie kabla. Maisha ya Fantine, mama maskini anayeishia kuuza mwili, pia si ya watoto.

Shule ya Jumapili

Kwa watoto, The Lion King ya 1994, dakika 88. Faida yake kwetu ni majina. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na kuna fisi anaitwa Shenzi, kwa hiyo ukumbi utalipuka. Wape nafasi wacheke kwanza ndipo uendelee.

Walimu wengi hukimbilia Mwana Mpotevu. Hapafai sana. Mwana wa Luka 15 alikosa kweli: alidai urithi, akautapanya. Simba hakuua baba yake, ni Scar, ndugu wa baba yake, aliyepanga kifo kisha akamwambia mtoto kwamba kosa ni lake, akimbie asirudi. Andiko lake ni Ufunuo 12:10, mshitaki wa ndugu zetu. Waulize watoto: nani alimwambia Simba kwamba ana hatia? Alikuwa anasema kweli? Kwa nini Simba hakwenda kumwuliza mama yake? Swali la mwisho hufungua midomo kuliko yote, kwa sababu watoto wanajua vizuri kuficha jambo.

Halafu usiwaache hapo, maana watahitimisha kwamba hatia zote ni za kusingiziwa. Sisi tuna hatia za kweli pia. Warumi 8:1 haisemi kwamba hukukosa, inasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Kwa swali la mwanzisha uzi: katika The Lion King hakuna anayelipa deni la Simba, kwa sababu deni halikuwepo. Ndiyo mpaka wa filamu ile.

Wimbo wa "Hakuna matata": usiuunganishe na Mathayo 6:25, msisumbukie maisha yenu. Huo wa Timon na Pumbaa, marafiki wa Simba huko alikokimbilia, ni wa kukwepa nyumbani. Yesu baada ya kusema msisumbuke anatoa kazi, aya ya 33, utafuteni kwanza ufalme wake. Maneno yenyewe Wakenya walishayaimba tangu 1982 kwenye "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, kwa hiyo wazazi nao watachangia.

Tatizo kubwa ni Mufasa, baba wa Simba, kutokea mawinguni. Mtoto wa Marekani anaona katuni. Mtoto wetu aliyesikia habari za mizimu ya ukoo anaona jambo linalofahamika nyumbani kwao. Usiliruke. Sema kwa ufupi kwamba baba wa Simba amekufa na kwamba sisi hatuulizi wafu (Kumbukumbu la Torati 18:11), kisha baki kwenye neno aliloambiwa: kumbuka wewe ni nani. Na tafadhali, kuitwa Simba hakumfanyi Simba wa kabila la Yuda.

Msabato

Hacksaw Ridge (2016). Desmond Doss, Mwadventista, alikataa kushika silaha lakini alikwenda vitani Okinawa kama mhudumu wa tiba, Mei 1945, akashusha majeruhi mmoja mmoja kwa kamba kutoka juu ya mwamba. Alipewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya jeshi la Marekani. Idadi ya waliookolewa, 75, ina hadithi yake: Doss mwenyewe alikadiria 50, wakubwa zake wakasema 100, wakakubaliana katikati. Mwalimu akiitaja, aseme "wapatao".

Msionyeshe filamu nzima kanisani. Damu na viungo vilivyokatika ni vingi mno. Vipande viwili vinatosha: anapokataa bunduki kambini, na usiku wa kamba, anapoomba asaidiwe kumpata mmoja zaidi. Angalieni fundo lake la vitanzi viwili, kila mguu wa majeruhi na kitanzi chake. Mkiwa na kamba ukumbini, vijana wajaribu kulifunga gizani. Hapo watajua sala ile ilikuwa na kazi ya mikono ndani yake.

Na msimtumie Doss kuwasema wanajeshi walioko kanisani. Alivaa sare, akawatumikia hao hao waliomdhihaki.

Mwalimu wa michezo, Kampala

Queen of Katwe (2016) ni ya hapa kwetu, na Kiingereza chake ni cha Kiganda kabisa, rahisi kufuata. Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa mabanda hapa Kampala, anajifunza chesi kwa kocha Robert Katende, aliyekuwa akifanya kazi na Sports Outreach, huduma ya Kikristo ya michezo. Filamu inaigusa imani hiyo kwa ncha ya kidole tu, kwa hiyo mwalimu aieleze.

Tukio la kuanzia ni uji. Watoto wanafuata uji, chesi inakuja baadaye, na kocha hawaaibishi. Soma Yohana 6:26, Yesu anawaambia watu mlinitafuta kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba. Aliwaambia, lakini alikuwa ameshawalisha.

Kisha yale maneno ya binti mdogo anayemfundisha Phiona: kwenye chesi mdogo anaweza kuwa mkubwa. Leteni ubao. Askari, ile kete ndogo ya mbele, akivuka mpaka mstari wa mwisho wa upande wa pili anageuka malkia. Hapo kuna hatari ya injili ya mafanikio: amini, utatoka mtaani. Irudisheni kwenye nani analipa. Mama yake anauza nguo ya thamani yapatikane mafuta ya taa, kocha anakataa kazi ya uhandisi. Malkia wa ubaoni ana watu waliotangulia kulipa.

Mwanzisha uzi

Hapo kwenye mafanikio niongeze Chariots of Fire (1981). Eric Liddell anakataa kukimbia mchujo wa mita 100 siku ya Jumapili, Olimpiki ya Paris 1924, kisha anashinda mita 400 kwa sekunde 47.6, rekodi ya Olimpiki. Kwenye filamu anapata habari ya Jumapili akipanda meli. Ukweli ni kwamba ratiba ilijulikana miezi kabla, na alikuwa na muda wa kujifua kwa 400. Semeni hivyo, maana kijana atakayeisoma mtandaoni ataona mlimdanganya.

Ukiishia kwenye dhahabu, umefundisha biashara: mpe Mungu Jumapili, naye akupe medali. Ongeza yasiyomo kwenye hadithi ya mbio: alikwenda China kuwa mmisionari, akafia kambi ya wafungwa ya Weihsien Februari 1945, umri miaka 43. Kisha soma Danieli 3:18, maneno ya vijana watatu mbele ya tanuru, "Bali kama si hivyo."

Fundi mitambo

Somo zuri likionyeshwa vibaya linakufa, kwa hiyo nami nichangie.

Ukumbi wenye madirisha, mchana, unahitaji projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 kwenda juu, na bado ziba madirisha ya upande wa jua. Projekta nyingi za kawaida zikiwekwa mita 3 kutoka ukutani hutoa picha ya upana wa mita 2 hivi. Spika ya projekta haifiki mstari wa tatu, toa sauti kwenye laptop kwa tundu la hedifoni uipeleke kwenye miksa. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya laptop kwanza. Mara nyingi ndiyo mchawi.

Maandishi ya chini: faili la SRT, ndilo lenye maandishi hayo, liwe na jina lile lile la video, folda moja, lihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Yakitangulia au kuchelewa kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kitufe cha H huyachelewesha na G huyawahisha. Kwenda dakika fulani ni Ctrl+T. Andaa vipande kabla, watu wasikuangalie ukitafuta tukio mbele na nyuma.

Muvi iliyotafsiriwa na DJ usitumie kwa somo. DJ anaongea juu ya wahusika, anatia utani wake, na sentensi uliyoijengea somo zima unaweza usiisikie. Kwa burudani ya jioni sawa.

Ruhusa pia: kuonyesha ukumbini si sawa na kuangalia nyumbani, hata kama hakuna kiingilio. Tanzania ulizeni Bodi ya Filamu na COSOTA (ofisi ya hakimiliki), Kenya muanzie KFCB (bodi ya kupanga filamu madaraja).

Shule ya Jumapili

Fundi, mbona wawili wakitaja dakika za tukio moja hazilingani? Na maandishi yanaanza sawa, mwishoni yamepotea kabisa.

Fundi mitambo

Sababu ni moja. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. DVD nyingi za mfumo wa PAL, tunaoutumia huku na Ulaya, huiendesha kwa 25, kwa hiyo inakwenda haraka kwa asilimia 4. Chariots of Fire ya dakika 124 inakuwa ya 119. Ukichukua maandishi ya nakala moja ukayaweka kwenye nyingine, pengo linakua kila dakika, na H na G hazitakusaidia. Tafuta maandishi ya nakala uliyonayo. Na mkielekezana hapa, tajeni tukio, si dakika: "askofu anapotoa vinara" kila mtu atapapata.