Nasoma Biblia kila siku ila sielewi, naombeni ushauri wapendwa

BintiFundi
Habari za jioni wapendwa. Mi ni mkristo wa kuzaliwa, nimebatizwa mtoto, kipaimara nimepata, kwaya nimeimba miaka sita, lakini leo naomba niseme ukweli wangu, nikisoma Biblia sielewi. Kila Januari naanza na Mwanzo, naenda vizuri tu, pale kwa Yusufu na ndugu zake hadi machozi yananitoka, nikifika Kutoka kwenye vipimo vya hema mambo yanaanza kuwa mazito, halafu Mambo ya Walawi ndo naishia hapo. Mwaka huu nimefika sura ya 15 ile ya kutokwa damu na unajisi nikafunga kitabu.

Kilichonifanya niandike ni wiki iliyopita kwenye jumuiya. Zamu ya kusoma ikawa yangu, Matendo 8, yule towashi wa Kushi yuko kwenye gari lake "anasoma chuo cha nabii Isaya". Nikaambiwa nifafanue, nikasema alikuwa mwanafunzi kwenye chuo cha Isaya, kama hivi vyuo vya Biblia vya siku hizi. Watu kimya. Baba mmoja akasema asiyeelewa Neno ni kwa sababu hana Roho Mtakatifu. Nilivyofika nyumbani nililia sana, maana naomba kila siku na Mungu nampenda kweli. Je ni kweli sina Roho? Au kuna namna ya kusoma ambayo sikuwahi kufundishwa? Nashona nguo kutwa nzima, muda wangu ni kuanzia saa tatu usiku.

Mpwani
Pole sana dada yangu, usilie. Chuo hapo ni kitabu, vile vya kukunja vya zamani. Bibi yangu mzaa mama huku Pangani mpaka anafariki kitabu alikuwa anakiita chuo, na hadi leo huku kwetu mtoto akienda madrasa watu wanasema kaenda chuoni. Biblia unayosoma bila shaka ni ile ya Muungano ya 1952, na wengi wanadhani Muungano ni ule wa Tanganyika na Zanzibar, hapana, huo ni wa 1964, hii iliitwa hivyo kwa sababu waliunganisha tafsiri ya Kiunguja na ile ya Mombasa. Kwahiyo unasoma Kiswahili cha wazee wa pwani, we umekua bara na Kiswahili cha shule, chuo unachokijua ni cha ualimu, sasa kosa lako liko wapi hapo? Na maneno ya hivyo yako mengi. Yeremia 1 nabii anaona "ufito wa mlozi", ni mti wa lozi, lakini kuna watu wakisikia mlozi wanajua ni mchawi.

Mlei
Naongezea hapohapo kwenye Matendo 8, endelea mstari wa 31. Filipo anamuuliza towashi kama anaelewa anachosoma na yule bwana anajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Mtu mkubwa, msimamizi wa hazina ya malkia, ametoka kuabudu Yerusalemu, na bado anasema wazi kwamba hawezi peke yake. Filipo hakumwambia huna Roho, alipanda gari akakaa naye, wakaanzia palepale alipokuwa amefika, Isaya 53. Huyo baba wa jumuiya alitakiwa afanye hivyo. Imeniuma kwa kweli.

MamaWawili
Mdogo wangu mi nakushauri ufunge siku tatu umwombe Mungu akufungue macho. Hamna kinachoshinda maombi.

Mlei
Mama shikamoo, maombi sipingi hata kidogo, ila huyu dada ameshasema anaomba kila siku. Chuo ni kitabu, hata angefunga siku arobaini mtu bado angehitajika kumwambia.

MamaWawili
Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa. Basi aombe na aulize, vyote viwili.

MwalimuMstaafu
Binti, miaka mingi nimefundisha darasa la kipaimara, nikwambie nilichokiona. Watu wetu wengi wanajua mistari, hawajui sura. Chukua Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani, uko kwenye kadi za harusi, kwenye vioo vya daladala, kila mtu anaudai kwa mwaka huu huu. Sasa anzia mstari wa 1. Ni barua, imeandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unasema watakaa huko miaka 70, wa 5 unawaambia wajenge nyumba wapande bustani. Mzee wa miaka 40 aliyepokea barua ile alijua Yerusalemu haioni tena, ni wajukuu ndo watarudi. Mi tangu nilivyoisoma barua nzima ahadi ile imekuwa nzito zaidi kwangu, haijapungua.

Walawi iache kwanza, utairudia. Anza na Marko, ina sura 16 tu, na usisome peke yako kimyakimya, soma kwa sauti na mtu hapo nyumbani, sura moja mara mbili. Ukikwama neno fungua Biblia Habari Njema sura hiyohiyo, ipo hata kwenye simu, ile lugha yake ni ya siku hizi, halafu rudi kwenye Muungano yako usiiache maana ndo inayosomwa kanisani. Na kila sura jiulize nani anaongea, anamwambia nani, kimetokea nini kabla.

BintiFundi
Wapendwa nimerudi, wiki mbili zimepita. Asanteni sana, mwalimu Mungu akuzidishie. Nasoma na mama, yeye macho hayaoni vizuri kwahiyo mi nasoma yeye anasikiliza huku anachambua mchele. Tumefika Marko 5. Kwanza pale "Talitha, kumi" nikasimama nikataka kuhesabu, mama akasema endelea mbele, kumbe mstari wenyewe unatafsiri, msichana inuka.

Ila jana usiku ndo sikulala. Yule mama ametokwa damu miaka kumi na miwili, anagusa vazi la Yesu kwa siri, halafu anatetemeka. Mama akauliza anatetemeka nini na ameshapona? Nikakaa kimya nikawa naikumbuka ile Walawi 15 niliyoifunga Januari, nikaenda kuifungua. Mwanamke wa hivyo ni najisi siku zote damu inapomtoka, kitanda chake, kiti alichokalia, ukikigusa na we najisi mpaka jioni. Na amejipenyeza katikati ya umati wote ule! Mama aliacha mchele. Akasema miaka kumi na miwili hajashikwa mkono huyo, na Yesu anamwita "Binti".

Tukasoma tena kutoka juu. Binti wa Yairo, yule aliyeambiwa "Talitha, kumi", naye ana miaka kumi na miwili. Mmoja ameanza kuugua mwaka ambao mwingine anazaliwa. Mwalimu, Marko ameweka hivyo makusudi? Naomba msinijibu kwanza mpaka Jumamosi, mama amesema anataka tuitafute wenyewe.